Kofia ya Gunia la Kuresoi

Makasi yalikuwa bado mezani Jepleting Kosgei alipoingia ukumbini Nakuru asubuhi ya maonyesho ya sanaa. Gunia lake lilining'inia ukutani likiwa limekatwa mdomoni, kama shati lililonyofolewa ukosi.

"Nani ameshika kazi yangu?"

"Tuliza boli, madam," akajibu msimamizi, Bwana Kibii. "Mgeni wa heshima anafika saa nne. Hiyo kofia ya juu ilikuwa inakaa vibaya. Si ni gunia tu? Wewe ni fundi, utashona ingine."

"Hiyo kofia ndiyo kazi yenyewe! Iko wapi?"

"Labda watu wa usafi wameitupa."

Mamake Jepleting alikuwa njiani kutoka Kuresoi, amevaa sweta yake ya kanisani, aje kujiona.

Kule Kuresoi, mnunuzi wa viazi haridhiki na gunia lililojaa. Hutaka lishonewe wavu juu ya mdomo, ujazwe hadi uvimbe kama kofia, na bei ibaki ile ile ya gunia moja. Hiyo ndiyo lumbesa. Mama alishona kofia hizo miaka nenda miaka rudi, katika baridi ya kupasua midomo, na ndiye aliyemfundisha bintiye kushika sindano ya gunia na kufunga fundo lisiloteleza. Hakuna aliyemtunuku Jepleting cheti kwa elimu hiyo.

Kutoka shambani alishuka Mai Mahiu, mji wa malori kando ya barabara kuu, akaandika kwa rangi majina ubavuni mwa malori, akifunzwa na mzee Ngigi. "Andika herufi ya kusomwa na mtu anayekimbia asigongwe," mzee alizoea kumwambia. Kupiga picha alijifunza mwenyewe, kwa simu iliyopasuka kioo. Ndiyo maana kazi zake hazina kabila moja: picha huchapwa kwenye kitambaa, kitambaa hushonewa gunia, na gunia huzungushiwa herufi nene za lori. Katika kazi hii, uso wa mamake ulikuwa pale juu, kwenye kofia.

Jepleting hakulishusha gunia. Alichovya brashi katika rangi, akaandika ukutani, juu ya ule mdomo uliokatwa: HAPA PAMEKATWA.

"Utaharibu ukuta wa watu!" Kibii akafoka.

"Nani ameanza kuharibu?"

Mama alifika. Alipapasa ukingo uliokatwa, akamgeukia msimamizi.

"Na mimi niko wapi hapa?"

Kibii aliyachukua makasi mezani, akayatia mfukoni.

Enyi waandalizi wa maonyesho yale, uso ule haukuwa wenu. Itafuteni kofia hiyo, hata ikiwa jalalani, mumrudishie Jepleting mkononi, na mkiri kwa maandishi, mbele ya umma, kwamba ninyi ndinyi mlioikata. Mama aliwauliza swali. Mjibuni.