Siku Niliyopangisha Nyumba ya Mke Wangu

Jamani, kucheka mtacheka, kwa hiyo anzeni sasa tuelewane. Mimi Abdi, mhitimu wa ngumbaru, yale masomo ya watu wazima, mtu niliyesoma gazeti zima mpaka matangazo ya vifo, niliwahi kukatiza soko la Garissa na kitanda cha chuma kichwani, kafyu ikinifukuza kwa nyuma, kwa sababu ya neno moja tu: "Pia."

Ilikuwa miaka ile ya vita vya shifta, askari na waasi wakiwindana. Kila lori lilishusha makarani kutoka bara, nyumba hakuna, na mimi nilikuwa nimejenga chumba kimoja cha udongo na mabati (mabati yaling'aa hivi kwamba rubani angeweza kujinyoa akiwa angani). Nyuma yake ndipo nilipoishi na mke wangu Halima, ndani ya aqal, ile nyumba yetu ya fito zilizopindwa na kufunikwa mikeka. Akaja karani mmoja mpole, Mwangangi, mwenye watoto kama kundi la mbuzi. Chumba akakipenda. Nikamtangazia masharti, kifua mbele: kuku marufuku, kelele marufuku, mgeni kulala marufuku. Kisha akaielekezea aqal kidole.

"Na kile kibanda, mwenye nyumba? Kingetufaa kwa jiko."

Hapo ningesema hapana, mambo yakaisha. Lakini ndiyo mara ya kwanza mtu kuniita mwenye nyumba, kichwa kikavimba, nikajibu, "Kile pia, bila shaka!" Nikapanga tujibane kwa binamu yangu mpaka nijenge chumba cha pili. Halima? Aa, Halima nitamwambia baadaye.

Sasa, kila mtoto wa kwetu anajua aqal ni ya mwanamke. Mama yake na shangazi zake humsukia mikeka ile kwa harusi yake, yeye huisimamisha, yeye huibomoa, mume hukaribishwa tu. Hata mimi nilijua! Ila ngumbaru ilikuwa imenijaza kichwa, hili likasukumwa nje.

Siku ya karani kuhamia nilitoka kuswali alasiri nikamkuta ngamia wa mama mkwe amepiga magoti uani, na shangazi za Halima wanafungua kamba za aqal kama wanaoshindana; kumbe habari zilimfikia Halima kabla yangu.

"Halima, wallahi, ngoja tuzungumze."

"Zungumza na mpangaji wako," akasema, wala hakupaza sauti. "Kiwanja ni chako, mpe. Nyumba ni yangu, inaondoka."

Ngamia akainuka, nyumba ikaenda zake ikitikisika. Nikabaki na duara la vumbi na kitanda changu, nilichokuwa nimekitoa chumbani kumpisha karani. Nikakimbilia kwa binamu, kumbe kaenda Ijara kutazama ng'ombe, mlango una kufuli. Jua linashuka, na siku hizo filimbi ya kafyu ikikukuta nje, askari hakuulizi ulisomea wapi. Nikambishia hodi karani.

"Bwana Abdi," akasema kwa huruma ya kweli, vichwa vya watoto vimejaa dirishani, "mgeni kulala si ulisema marufuku?"

Ikabaki kwa mama mkwe, mahali ambapo, kwa mila yetu, mwanamume mwenye haya hapitishi hata kivuli chake. Nikajitwika kitanda (kukiacha? nilikinunua kwa ofisa, bwana!), nikapita sokoni spring zikilia kwii-kwii, na wanywaji chai wakasimama wote.

"Waryaa Abdi! Kwetu nyumba hubebwa na ngamia, leo ngamia kavaa viatu?"

Nilipofika, aqal ilikuwa imesimama uani kwa mama mkwe kana kwamba ilizaliwa pale. Nikakohoa mlangoni.

"Nani?"

"Mwenye nyumba," nikajibu kwa mazoea. Ndani wakaangua kicheko, na cha mama mkwe nilikitambua.

"Mwenye nyumba yuko humu ndani," Halima akasema. "Wewe nani?"

Filimbi ikalia. Buti zikasikika barabarani.

"Mpangaji!" nikapiga kelele. "Mpangaji, walaal, ndugu yangu, tena mpole!"

"Mpangaji aingie. Kitanda kibaki nje."

Nikalala mkekani, na mbuzi wa mama mkwe wakalala kwenye spring. Tangu hapo nimejenga vyumba vingine, na mtu akija kuuliza kama kipo cha kupanga, humwambia aketi kwanza anywe chai, niende nikamuulize mwenye nyumba.