Kidole cha Gari Ndani ya Birika

Hadji amefariki. Habari imenikuta hapa Bulengera, kwetu Butembo, nikichambua maharagwe ya mbegu mbele ya nyumba. Mtu wa taksi-moto aliyetoka Beni alisimama bila kuzima pikipiki, akaniambia neno lenyewe, akageuza, maana alikuwa na abiria wa kushusha sokoni. Nilibaki na ungo mapajani. Walikuwa wamekwisha kumzika. Kwao Waislamu maiti haingoji wakwe wafike kutoka Goma. Tulimwita Hadji ingawa Maka hakuwahi kufika. Alisema mwenyewe kwamba kila alipokaribia kupata nauli lori lake lilivunjika kitu, donc ni lori lililokwenda kuhiji mahali pake. Ninyi mnaonisoma kila juma mnajua siandiki juu ya wafu ili kuwapamba. Mtu huyu alikuwa mkali, alikatiza wenzake maneno, na chai ya watu aliinywa bila haya. Mais kwa sababu yake gari yangu ya kwanza haikuchukuliwa vitani, na kwa sababu ya gari hiyo yeye mwenyewe alichukuliwa. Siwezi kungoja mwingine aje kusimulia jambo hilo.

Wa umri wangu wanaikumbuka miaka ile ya vita. Askari walikuwa wa namna nyingi, leo hawa kesho wale, hata tukazoea kuwatambua kwa viatu: wenye bote za ngozi, wenye bote za mvua, wenye kambambili. Wote walipenda kitu kimoja, gari inayoweza kupita matopeni. Kahawa yetu ilikuwa imekauka mashambani na mume wangu nilikuwa nimekwisha kumzika. Nikauza ng'ombe alioniachia pamoja na kiwanja cha juu, nikanunua gari, jipu kuukuu ya esansi, yaani petroli, yenye kuvuta kwa magurudumu yote manne. Watu wakasema ujane umenipanda kichwani. Lakini kule milimani, ambako lori hazipandi, maharagwe na mbatata zilikuwa zinaozea kwa wenyewe, na wanawake wenye mimba walishushwa kwa machela ya miti, wengine wakizaa njiani mvuani. Nilitaka kushusha mazao na kushusha wazazi. Na nilijua vizuri kwamba gari ile ikinyang'anywa, mimi na watoto wangu hatubaki na kitu, si ng'ombe, si kiwanja, si shamba.

Wakati ule mtu hakuendesha peke yake. Wenye majipu wa Butembo walikuwa na chama, wakikutana nyuma ya gereji moja, wakisafiri kwa msafara hadi Beni na kurudi. Hadji alikuwa mkubwa wao, msafirishaji mwenye familia kule Beni, katika komini ya Ruwenzori, na chumba cha kulala hapa kwetu. Siku nilipokwenda kuomba kuingia, wanaume walicheka kimoyomoyo, wakaniuliza dereva wangu yuko wapi. Hadji hakucheka. Aliizunguka jipu yangu akiwa na birika lake la plastiki mkononi, lile la kutawadhia, maana hakwenda popote bila birika. Kisha akaanza kuiandaa kwa njia yake, nami nikaona kama ananiharibia mali. Kweli, alinyanyua lame, zile springi za chini, ili tumbo la gari lisiburute, akapandisha bomba la moshi juu, akanifungia mbao za mukalitusi za kuweka chini ya magurudumu, sururu, panga na mnyororo. Hayo niliyatazamia. Mais aling'oa pia redio, akatoa viti vizuri vya nyuma na kutia benchi, akakwangua rangi kwa msasa, kisha akapaka bodi nzima mafuta machafu ya injini yaliyochanganywa na masizi. Nilipolalamika alinijibu bila kuinua kichwa, akiwataja askari kwa jina letu, basoda. «Mama, gari muzuri ni ya basoda. Ile mubaya njo yako.»

Kati ya sheria za chama, ya mwisho ndiyo iliyonishinda kumeza. Ndani ya gari za esansi za zamani kuna kipande kidogo cheusi kinachozunguka na kugawa moto, mafundi wanakiita kidole. Kikitolewa, injini inalia tu, haishiki. Kila mwenye gari alijua kukitoa na kukificha, na askari nao walikuwa wamekwisha kujua kwamba mtu akipigwa vya kutosha atasema alipokificha. Kwa hiyo chama kiliamua hivi: kila tuliposimama, kila mmoja alitoa kidole chake akakitia mkononi mwa Hadji, naye alikwenda pembeni akavigawa kwa wanachama wengine, vingine akabaki navyo, bila mwenye gari kujua chake kimeangukia kwa nani. Mtu hawezi kusema asichokijua, hata akiwekewa bunduki kichwani. Sasa ninyi mnatujua sisi Wanande. Mnande anamficha hata mke wake mahali pa ufunguo wa duka. Nilimwambia Hadji mbele ya wote: «Ndugu yangu, miye nilinunuaka gari, sikununua bachungaji.» Akaniambia basi niiendeshe peke yangu, nione itanilalisha wapi. Mmoja akachekesha kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Nikakitoa, nikampa, moyo ukiniuma kama ninayeacha mtoto kwa watu nisiowajua.

Lililotuangusha halikutoka kwa askari, lilitoka kwetu kanisani. Kwa desturi yetu Waprotestanti, mtu akipata kitu kipya anakileta mbele ya kanisa kukishukuria. Niliiacha jipu Jumamosi jioni uani pa kanisa, kidole nikamkabidhi Hadji kama sheria ilivyotaka. Wamama wenzangu wa kanisa, kwa upendo wao, wakaamka alfajiri na ndoo na sabuni. Mtu atamleteaje Mungu kitu kichafu? Walisugua mafuta na masizi yote, wakasugua mpaka rangi ya chini ikatokea, buluu kama kanga mpya, wakafunga na maua mbele. Nilipofika walikuwa wamesimama pale na mikono imelowa, wananingojea nifurahi. Hadji alikuwa amekuja na wanachama wachache kushuhudia, ameketi nje kwenye ngazi za shule ya kanisa. Alitazama gari, akaniita kando. Alisema tumemvalisha bibi-harusi na kumsimamisha njiani kwa wanyang'anyi, na kwamba ibada ikiisha nitafute tope hapo hapo. Alikasirika kweli. Hakuondoka, lakini.

Hatukuwahi hilo tope. Mchungaji alikuwa bado ameweka mkono juu ya boneti akiomba, walipoingia uani askari wa bote za mvua. Maombi yalikatika kama kamba. Mkubwa wao aliizunguka jipu, akagusa maua kwa mtutu wa bunduki, akauliza ya nani. Nikasema ni yangu. «Pesa fungola,» akasema, na wote tuliijua Lingala ya kutosha kuelewa kwamba anataka ufunguo. Nikampa. Injini ikalia, ikalia, haikushika. Akashuka akanitazama, akasema mambo hayo anayajua, tunatoa kitu na kukificha, kwa hiyo nikitoe. Nikamwambia sijui kiko wapi. Ilikuwa kweli kabisa, na kweli hiyo haikunipa nguvu yoyote. Tulikuwa tumefundishwa jambo moja: usimtazame mtu, maana macho yanakwenda kunakofichwa. Nikatazama maua. Askari wawili wakanishika mikono, mkubwa akasema nitatembea nao mpaka Beni, na njiani nitakumbuka. Watoto wangu walikuwa pale, mdogo amenishika nguo.

Hapo ndipo Hadji alipoinuka kwenye ngazi, birika mkononi, akaja polepole kama mtu anayekwenda msalani. Akasema huyu mama hajui kitu cha gari, ameinunua juzi tu, mwenye kuitengeneza ni yeye. Akafungua boneti, akaingiza mkono, akainamia pale muda mrefu, kisha akasema neno lililonishangaza, maana halikuwa uongo. «Afande, kipande moja haiko. Bila ile haiwezi kuwaka, hata ukuje na fundi ya Kinshasa.» Mkubwa akamuuliza kinapatikana wapi. Hadji akasema labda soko la Beni. Wakati huo askari mmoja, kijana mwenye kiu, alikuwa amemnyang'anya birika, analiinua anywe kwa mdomo wake. Ndani kukagonga. Kitu kidogo kilijipiga kwenye plastiki, kok, na tena kok.

Wasomaji, nimezaa watoto na nimezika, lakini sijui kama nimewahi kusikia sauti kubwa kuliko ile. Nilijua mara moja kidole changu kiko kwa nani, nikaomba Mungu anipofushe macho yasiinuke. Kijana akatikisa birika, akauliza ni nini inalia humo. Hadji alimjibu kwa kuchoka, kama mtu anayeulizwa kwa nini kuku ana miguu. «Ni kajiwe ya kuosheya. Mama yako hapana kuosha bidon na majiwe?» Wenzake wakamcheka yule kijana. Na kwa kuwa kila nyumba ya kwetu inasafisha bidoni, madumu ya maji, kwa kutikisa vijiwe ndani, akaona haya, akanywa, akarudisha birika. Mkubwa akaamua: mimi niachwe, Hadji ndiye aende, achukue mzigo wa risasi kichwani hadi Beni, akatafute hicho kipande. Wakaondoka naye kwa miguu. Hakugeuka kutuaga. Birika lilining'inia kiunoni, limefungwa kwa kamba.

Wale wamama walilia wakiikokota gari kuirudisha kwangu, wakaipaka tope kwa mikono ile ile. Sikuwagombeza. Siku zilizofuata ndizo zilizonizeesha. Hakuna aliyejua kama alifika Beni au aliangushwa njiani. Wanachama walikuja mmoja mmoja, wengine kunipa pole, mwingine kuniambia wazi kwamba usafi wangu wa kanisa umetuondolea mkubwa. Jipu ilikuwa pale uani, mali yangu yote, nami nikawa siwezi kuitazama. Niliwaambia watoto wamuombee Mwislamu yule kila tulipokula, na mdogo akauliza kama Mungu wetu ana ruhusa ya kumtunza. Nikamwambia anyamaze ale.

Askari walipochoka kukitafuta kipande Beni walimwachia, na Hadji akarudi juu ya lori la mawese, wakamshusha mlangoni kwangu, nyayo zimefungwa vitambaa, shingo imeingia mabegani. Nilikimbia kumsalimia, akanikatiza kama kawaida yake, akaomba bakuli. Akainamisha birika, maji yakatoka, mwisho kikaanguka kipande kile, kimeviringishwa katika nailoni. Alikuwa ametembea nacho kwa askari wakati wote, akitawadha nacho, akilala nacho. Nikamuuliza, huku nalia, kwa nini hakuwapa tu gari, chuma ni chuma. Alikunywa kwanza chai yangu. Kisha akaniambia maneno ambayo leo nayaweka hapa kama alivyoyasema. «Usifikiri nilifanya ile juu yako, Mama. Ningebapa kidole yako, kesho balikuwa kuya kuuliza ya batu bote ba chama.» Halafu akaitazama gari uani akasema tope hilo halitoshi, nitafute mafuta machafu kabla jua halijatua.

Wengine wangependa aseme alinihurumia. Mimi nilipendelea hivyo alivyosema, na napendelea hivyo mpaka leo. Huruma inachagua mtu. Kesho ingemchagua mwingine na kuniacha. Alichotunza Hadji ni neno tulilopeana nyuma ya gereji, Mwislamu na Waprotestanti, watu waliokuwa hawaazimani hata kibiriti. Jipu ile ilishusha wanawake wengi kuja kuzaa, na baadhi ya waliozaliwa ndio hao mnaopishana nao leo kwa pikipiki. Siku hizi kuna chama kipya cha wenye gari za namna hiyo. Wana mashati yanayofanana, Jumapili wanakwenda kupiga picha kwenye matope, na mmoja akikwama wenzake wanaanza kumpiga picha kabla ya kutoa mnyororo. Si watoto wabaya. Ila kila mmoja amefunga gari yake kengele inayopiga kelele ikiguswa, na ufunguo analala nao. Barabara ya Beni nayo bado haijatulia, hilo sina haja ya kumwambia mtu wa hapa.

Nilishuka Beni kwenye matanga na jipu ileile, mzee kwa mzee. Vijana wa chama walikuwa pale, gari zao zinang'aa kando ya njia. Nilizima yangu, nikafungua boneti, nikatoa kidole, nikakitia mkononi mwa mkubwa wao, mwanaume mwenye mke na watoto. Alikigeuza akakitazama. Gari yake haina kitu kama hicho. Akaniuliza, akiniita bibi kwa lugha yetu: «Mukaka, miye nikifanyie nini?» Nikamwambia achunge tu, asinionyeshe anapokiweka, nami nikimaliza kulia nitakuja kukiomba. Nikaingia kwa wanawake wenzangu nikaketi mkekani. Nilipotoka jua likiwa limekwenda, wengine wote walikuwa wamekwisha kuondoka na gari zao. Yeye alikuwa bado amesimama pale kando ya jipu yangu, mkono mfukoni, ananingojea. Kumbe neno lile la nyuma ya gereji linaweza kufundishwa. Wenye mali, anzeni na mtu mmoja: mpeni kitu ambacho bila hicho hamwezi kurudi nyumbani.