Mwaka Mama Yako Alipopunguzwa Tumbo

Ipo siku moja, mwanangu Yona, ambayo nikiikumbuka hata nikiwa peke yangu barabarani nacheka mpaka watu wananigeukia. Ni siku mama yako aliponikuta nimechuchumaa ndani ya banda la kuku, bakuli la ugali na mboga ya mlenda mapajani, nakula haraka haraka kama mwizi. Wewe ulikuwa Mwanza kikazi, na kwenye simu tulikuwa tunakuambia tu kwamba mama anaendelea vizuri. Leo umekuja kuniambia kuwa Rehema, mkeo, naye amepangiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, na unaniuliza utamlisha nini. Kaa basi. Nitakueleza yote, pamoja na yale tuliyokuficha kwenye simu.

Mama yako unamjua. Tangu nilipomwona kwenye kwaya kule Kongwa alikuwa binti mwenye mwili wake, na mimi nikampenda hivyo hivyo. Nyumbani nilikokulia, mapenzi yalikuwa sahani iliyojaa. Sikuwahi kumsikia baba yangu akimwambia mama yangu neno tamu hata moja, lakini akichinjwa mbuzi, ini lilikuwa la mama. Nami nikaoa na akili hiyo hiyo. Nikitoka kazini nakuja na nyama, nakuja na karanga, nakuja na maandazi ya kesho asubuhi. Mama yako akicheka, mimi naongeza.

Miaka ikaenda. Mwili ukazidi, sukari ikapanda, presha ikapanda, magoti yakagoma. Ikafika mahali akawa hawezi kulala chali, usiku anaupitisha ameketi kwenye kochi kwa sababu pumzi inamkata. Alijaribu kupunguza kula, akapungua, kisha uzito ukarudi na kuzidi. Kwa hiyo usimsikilize mtu atakayekuambia kwamba mkeo ni mvivu au mlafi. Mama yako alipambana na mwili ule kwa miaka mingi, mimi nikiwa shahidi. Daktari alipomweleza habari za upasuaji, alinigeukia akasema, "Baba Yona, mimi nataka kuishi." Tukakubali.

Kazi ilianza hata kabla ya kisu. Daktari alimwagiza apunguze ugali, wali, chapati na vyakula vya mafuta, aache soda na juisi, ili ini lake lisinyae na wao wapate nafasi ya kufanya kazi humo ndani. Dawa zake za sukari alizipunguza daktari mwenyewe. Usije ukampunguzia mkeo dawa kwa kukisia, wala usimwache ameze dozi ileile huku hali kitu, kwa maana sukari inaweza kushuka akaanguka. Nami nikala kama yeye siku zote hizo. Mkanda wangu ulirudi tundu moja nyuma, nikaanza kujisifu mtaani.

Upasuaji ukaenda salama. Jioni ileile wauguzi walimwinua wakamtembeza wodini taratibu, ananung'unika. Mimi nikataka kuwakataza. Wakaniambia kutembea ndiko kunakozuia damu isigande miguuni, nikarudi kwenye benchi langu.

Tukarudi hapa mtaani kwetu Kikuyu na maagizo. Kwanza maji na supu nyepesi iliyochujwa. Akiivumilia, maziwa yasiyo na mafuta na uji mwepesi usio na sukari. Baadaye vyakula vilivyopondwa, baadaye vilivyo laini, na kila hatua kwa ruhusa yao. Asinyanyue ndoo wala kufua mpaka ndani kupone. Nikawa napika supu na kuichujia kwenye chujio la chai, nampelekea kwenye kikombe kile kidogo cha kahawa. Anakunywa vijiko vichache, anasema ameshiba. Mwanangu, mtu niliyemlisha sahani iliyojaa tangu ujana wetu anashiba kwa vijiko! Nikawa nikichungulia kikombe nahema.

Nikaona aibu kula mbele yake. Ndipo likaja wazo la banda. Nikipika ugali wangu naubeba hadi kwa kuku, nafunga mlango, nakula. Kuku walinizoea, jogoo akawa ananidonoa kiatu akidai fungu lake.

Siku hiyo ninayokuambia, mlango ukafunguliwa. Mama yako amesimama, khanga begani.

"Baba Yona! Umeamua kuwa unakula na kuku?"

Tonge lilikuwa mdomoni. Nikalimeza. "Sikutaka usikie harufu ya chakula."

"Harufu haina shida. Shida ni kukaa peke yangu mle ndani nikiangalia ukuta. Chakula nimekiacha kwa hiari yangu. Na wewe nikuache?"

Akaanza kucheka, maana kweli nilikuwa na manyoya kichwani. Nikacheka naye. Kisha nikaona kicheko kimekatika. Akashika mwimo wa mlango, macho yakamlegea, akateremka polepole mpaka akaketi chini. Midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka, nami sikuwa nimeiona, kwa sababu kutwa nilikuwa naangalia kikombe.

Nilipiga kelele, jirani akaja na bajaji yake, tukaenda hospitali. Pale alitupokea muuguzi mmoja, binti wa Kondoa, akanisalimia kwa heshima zote, kisha akaniuliza, "Baba, mama leo amekunywa maji kiasi gani?"

Sikujua.

"Na mkojo wake una rangi gani?"

Mama yako akajibu mwenyewe kutoka kitandani, "Kama chai ya rangi."

Walimwekea dripu. Alikuwa ameishiwa maji mwilini. Maji yalikuwa yanamwelemea kifuani kila akinywa, akaamua kuyaacha, na hakuna aliyekaa karibu naye kumkumbusha. Yule binti akanivuta pembeni. "Samahani, baba, nakusema kama mzazi wangu. Tumbo la mama sasa ni dogo, hawezi kunywa glasi nzima kwa mkupuo. Anywe funda dogo, apumzike, anywe tena, hivyo hivyo kutwa nzima. Kikombe kisiwe mbali na mkono wake. Na wewe usiwe mbali na kikombe."

Tuliporudi nyumbani nikampigia simu shangazi yake kule Kongwa, yule bibi yako Mbeleje. Akaja kesho yake na mbuzi. Nilipomwona yule mbuzi nikafurahi moyoni, nikasema sasa amepatikana mtu wa kumlisha huyu vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Hebu niambie, huko hospitali wamesema ale nini?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi nyama ya mbuzi mtakula ninyi wenye matumbo. Yeye tutamwondolea mafuta kwenye supu, tuichuje." Na ikawa hivyo. Akakaa nasi, na mimi mkwe wake nikawa naingia jikoni kwa kubisha hodi.

Siku ya tatu au ya nne, tukiwa tumekaa na mama yako anakunywa uji, nikachungulia kikombe, nikahema kama kawaida yangu. Shangazi akaniita uani.

"Mkwe wangu, sipendi kukusema nyumbani kwako. Lakini nimekuangalia. Wewe unatazama kilichobaki, humtazami mtu. Ukihema vile, mwanangu anaongeza kijiko ili ufurahi, kisha anakwenda chooni kutapika. Umeshamsikia akitapika?"

"Nimemsikia."

"Ulidhani ni ugonjwa. Ni kwa ajili yako."

Hakupandisha sauti. Alirudi jikoni akaniacha nimesimama pale uani na kuku wangu. Tangu siku hiyo, mama yako akisema "Basi," mimi nasema "Haya," naondoa chombo. Na kutapika kukaisha.

Alipofika kwenye vyakula laini, nyumba ilichangamka. Nilikuwa nanunua perege wa Mtera, shangazi anawachemsha, anawatoa miiba kwa vidole, anaponda na tone la ndimu. Walitufundisha kwamba vyakula vya kujenga mwili vitangulie, yaani samaki, yai, maharage yaliyopondwa, mtindi usio na sukari, kuku aliyeiva mpaka analainika. Mboga zifuate. Kiazi au ugali viwe mwisho, kama bado kuna nafasi. Anakula kwa kijiko cha chai, anatafuna mpaka kiwe uji, anaweka kijiko chini, anapumzika. Maji hanywi na chakula. Anaacha kama nusu saa baada ya kula ndipo anarudi kwenye mafunda yake. Siku aliyoruhusiwa mlenda alipiga vigelegele peke yake mezani, kwa sababu mlenda unateleza wenyewe. Lakini ugali ulimchukua muda mrefu. Ule, na mkate laini, na nyama ngumu, hugandana na kukwama kifuani. Rehema asivikimbilie.

Tena kuna habari ya asali. Jirani yetu Bi Mwajuma, mwenyeji wa Kondoa, alitoka kwao na asali nzuri sana, akamkorogea mama yako kijiko kikubwa kwenye maji ya uvuguvugu, kwa upendo kabisa. Haukupita muda moyo ukaanza kumwenda mbio, jasho likamtoka, tumbo likaunguruma, akakimbilia msalani. Alipotoka akajilaza akaanza kuniusia kuhusu watoto! Bi Mwajuma anampepea kwa ungo huku anaomba dua kwa sauti, shangazi naye anaimba tenzi, mimi napiga simu hospitali. Yule muuguzi akatuambia, kwa utulivu, kwamba sukari imeingia kwenye utumbo kwa kasi, alale kidogo, itapita. Na ikapita. Bi Mwajuma alipohakikisha kuwa mgonjwa yu hai, akaondoka na asali yake.

Hayo yote tunayacheka sasa, lakini jambo moja lilimliza. Miezi michache baadaye nywele zilianza kunyonyoka na kubaki kwenye kitana. Hospitali wakasema hutokea mwili ukipungua haraka, na hasa mtu asipokula vya kujenga mwili vya kutosha. Wakamkagua damu, wakamsisitizia vidonge vyake vya vitamini, madini ya chuma na kalsiamu, ambavyo atavimeza maisha yake yote. Akafunga kilemba, akaendelea. Nywele ziliota tena.

Na sasa umeshamwona mwenyewe. Sindano za sukari daktari amemwachisha, presha anameza kidonge kimoja kidogo. Analala chali kitandani. Jumapili tunakwenda kanisani kwa miguu, na mimi ndiye ninayeomba tupumzike njiani. Msikie anavyopiga kelele kutoka jikoni kwamba naongeza chumvi kwenye hadithi. Sijaongeza, mwanangu. Labda kwa yule jogoo.

Sasa nisikilize vizuri, hili ndilo nililotaka ubebe. Maagizo ya daktari wa Rehema ndiyo ya kufuata, hata yakipishana na haya yangu, maana upasuaji si wa aina moja na miili haifanani. Mpe maji kwa mafunda tangu asubuhi, nawe uwe unauliza rangi ya mkojo bila haya. Mtembeze kidogo kidogo kila siku. Soda aachane nazo, pombe na sigara vivyo hivyo. Akiumwa kichwa au goti usimpe kidonge chochote cha maumivu cha dukani kabla ya kuuliza, viko vinavyochubua tumbo lile jipya. Akipata homa, au moyo kwenda mbio hata akiwa amelala, au maumivu makali ya tumbo au bega, au kutapika kusikokoma, au mguu mmoja kuvimba, au pumzi kumbana, usingoje kuche wala usimngoje shangazi yeyote. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Habari ya ujauzito ningependa mama yako ndiye akuambie, lakini amekataa, anasema wewe ni wangu pia. Basi subirini mpaka daktari atakaporuhusu, na kawaida ni zaidi ya mwaka. Mzungumze mapema juu ya kinga, nami nimemaliza hapo.

Wageni watakuja na vyungu. Wapokee, washukuru, wakaribishe wao ndio wale. Mkeo asilazimike kula ili mtu apate amani. Wakati wa kula kaa naye meza moja, wewe na sahani yako, yeye na ya kwake ndogo. Atacheka na kulia siku moja hiyo hiyo, maana chakula kilikuwa rafiki yake wa siku nyingi. Usimhubirie. Mshike mkono. Na ile siku atakayosema ameshiba, mwamini.

Mungu aiongoze mikono ya madaktari watakaomgusa binti yetu. Akupe wewe macho ya kumwona mapema anapochoka, na uvumilivu wa kuchuja supu bila kuhema. Awajalie ninyi wawili uzee mrefu wa kutembea pamoja, mkigombana tu nani anamchelewesha mwenzake. Nenda salama, mwanangu. Mwambie Rehema kwamba mama yako na mimi tunakuja, na tukija hatutabeba mbuzi.