Mkono Wangu Kwenye Kikao cha Wazazi

Mwaka wangu wa tatu wa ualimu, katika kijiji kimoja huko Newala, wanafunzi walikuwa wakishuka bondeni kila asubuhi kuchota maji ya nyumba za walimu, yangu ikiwemo. Walirudi darasani jua limeshapanda, shingo zinawauma, wakasinzia.

Kwenye kikao cha wazazi, mama mmoja mfinyanzi wa vyungu alisimama. "Watoto tumewaleta kusoma, si kubeba ndoo," alisema.

Watu wakacheka. "Hata sisi tulibeba," mzee mmoja akamjibu. "Tumekufa?"

Mwenyekiti akataka wanaokubali utaratibu uendelee wanyooshe mikono. Nilitazama kulia, nikatazama kushoto. Moyoni nilikuwa na yule mama, lakini mkono wangu ulipanda pamoja na ya wenzangu.

Kikao kilichofuata alisimama tena na maneno yale yale, bila kumtukana mtu. Watu waliguna. Sokoni wanawake wakaanza kumwita mjuaji, na wengine waliacha kununua vyungu vyake. Kikao cha tatu nilimwona amekonda, nikatamani anyamaze, atupumzishe sote. Hakunyamaza. Ila alipokaa, dada mmoja mwenye mtoto mgongoni aliinuka.

"Mimi naona mama ana hoja," alisema. Baba mmoja naye akaunga mkono.

Sijui hasa watu waligeuka lini. Nilianza tu kusikia maneno ya yule mama yakisemwa na wale wale waliomcheka, kana kwamba walikuwa nayo tangu zamani. Kura ilipopigwa upya, karibu wote tuliukataa utaratibu ule. Safari hiyo kunyoosha mkono hakukuhitaji ujasiri wowote, na kila nikikumbuka hilo najisikia kuchoka.

Mwaka huu nilimkuta yule mama hospitali ya Mkomaindo, mjini Masasi. Tulikaa benchi moja tukisubiri daktari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Bado unafundisha?"

"Bado." Nikajikaza. "Kile kikao cha kwanza, mama, moyoni nilikuwa upande wako."

"Nilijua. Ulinyoosha mkono huku umeinamisha kichwa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, mwanangu? Ulikuwa unaogopa. Mimi nilichoka tu kuwa peke yangu."

Nilimwomba radhi. Akasema yamepita, kisha akasogea kidogo ili na mimi nipate kuegemea ukuta.