Kitambaa cha Mama Juu ya Kompyuta

Enzi zetu pale Kikwajuni, televisheni ilikuwa na heshima yake. Kwenye uchochoro wetu ilikuwa moja tu, ya jirani yetu Bi Zuhura, nayo ilivishwa vizuri kuliko sisi tuliokwenda kuiangalia: kitambaa cheupe cha kufuma, maua pembeni, kimeshuka mpaka robo ya kioo. Tulikaa mkekani, miguu tumeshaiosha mlangoni, harufu ya iliki ikitutesa kutoka jikoni. Mchezo ukianza kunoga tu, Bi Zuhura huinuka, akaiwekea televisheni mgongo wa mkono kama anayempima mtoto homa, akasema, "Ishapata moto hii. Nendeni kwenu, ipumzike." Tukenda. Hakuna aliyeuliza kwa nini homa hiyo ilipanda kila mumewe alipokaribia kurudi.

Nyumbani kwetu redio ilikuwa na kitambaa, mtungi wa maji una kitambaa, hata saa ya mezani. Mama alivifuma vyote kwa mkono wake. "Msiache kitu uchi," akitwambia, "wageni watasema nini?"

Vijana wa leo wageni hawawashughulishi. Kompyuta zao zinakaa uchi kwa makusudi, ubavu wa kioo, matumbo yote nje, taa za kijani na zambarau zinawaka kama nyumba ya harusi. Ndivyo nilivyoikuta ya Salma, mtoto wa dada yangu Raya, niliporudi Unguja na kufikia kwao baada ya kuzunguka Tanga, Mombasa na Maskati nikitafuta nisichokijua. Salma anachora nyumba kwa kompyuta, mpaka kivuli cha dirisha ukutani, na mashine yake ni kubwa kama kabati la vyombo. Nikaionea huruma. Nikafungua sanduku la marehemu mama, nikatoa kitambaa kikubwa kuliko vyote, nikaifunika nacho.

"Kizuri, mjomba," Salma alisema. "Ila hapo juu pana matundu ya…"

"Matundu! Enzi zetu…" Nikamwanzia hotuba. Akarudi kuchora.

Wiki hiyohiyo kompyuta ikaanza kuzimika yenyewe katikati ya kazi. Nikatoa sababu zangu za kitaalamu: taa nyingi, muziki mwingi, ujana mwingi. Nikaielekezea feni ya chumbani. Akaitwa fundi. Akatoa kitambaa, akafungua ubavu, akapangusa vumbi kwa brashi, kila kifeni akikishika kwa kidole kisizunguke, akapaka upya ile dawa ya kupitishia joto juu ya prosesa, ubongo wa mashine. Akaijaribu saa nzima, ikatulia. Alipoondoka nikairudishia nguo yake. Kabla ya magharibi ikazimika, na fundi nikamsema wiki nzima barazani.

Cha ajabu, nikitoka haizimiki. "Inakuonea haya, mjomba," Salma alinambia, nami nikafurahi. Akawa kila asubuhi ananiuliza, "Mjomba, leo huendi kunywa kahawa?" Nikasema huyu mtoto ana huruma, anataka nipate mazungumzo na wenzangu.

Mpaka Alhamisi moja ya mvua. Salma alikuwa na kazi yake kubwa ya kwanza, picha za nyumba ya wageni, na mwenye nyumba hiyo anazitaka kabla ya alasiri, la sivyo anampa mtu mwengine. Mvua ikanizuia ndani. Nikaketi nyuma yake nimsaidie, yaani nimhadithie. Kwenye pembe ya kioo namba za joto zilipanda: themanini, tisini, tisini na nane. Ikazimika. Akaiwasha. Ikazimika. Adhuhuri imeshapita. Salma akakitazama kitambaa, akanitazama mie, akainama, machozi yanamlenga.

Raya akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Kaka, huendi kahawa leo?"

"Na mvua yote hii?"

"Chukua mwavuli. Chukua hata sinia ujifunike, wallahi!"

"Kwani nimewaudhi nini?"

"Ukitoka ndo anaondoa hicho kitambaa akapata kufanya kazi. Akisikia kikohozi chako mlangoni, mbio, anakirudisha. Mwezi mzima!"

"Mama, basi," Salma alisema, uso umemshuka.

Nikaweka mgongo wa mkono juu ya kitambaa cha mama. Kilikuwa cha moto kama kanzu iliyotoka kwenye pasi. Nikakivuta mwenyewe, na hewa ya moto ikanipiga usoni. Mashine inavuta pumzi mbele, inaitoa nyuma na juu, na juu nimeiziba mimi. Kitu ambacho nilikijua tangu nina miaka saba, maana kila kiangazi mama alikuwa akipiga kelele, "Fungueni na dirisha la pili, huo upepo upite wapi?" Namba zikaanza kushuka mpaka sabini. Picha zikatumwa muadhini wa alasiri akisafisha koo.

Kitambaa sasa kiko mgongoni mwa kiti changu, kitu pekee cha kale kinachoonekana nyumba hii. Nikikaa hapo huwaza. Enzi zetu wakubwa walitutoa nje kwa moto wa kusingizia, nasi tukenda. Leo mtoto anaungua kweli, kazi inampotea, na hakuthubutu kumwambia mjomba wake anyanyuke. Na mwezi wote huo mimi nilikuwa barazani, kikombe mkononi, nawaeleza watu kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu.

Bi Zuhura angenitoa siku ya kwanza.