Aliyevuka Mto wa Bama

Njia ya mwongo ni fupi, ndivyo tusemavyo. Ya Riungu wa Kanyakine ilikuwa na urefu wa miaka ishirini, na ubaya wake ni kwamba mwenyewe alikuwa amepotea humo humo, hata mahali alipoingilia hapaoni.

Aliingilia kwenye huruma. Mwaka wa arubaini na sita alirudi kutoka Keya, jeshi la Mwingereza, na kabla hajavua buti mama wa rafiki yake Thuranira alikuwa uani na barua mkononi. Thuranira na Riungu walitahiriwa siku moja, wakaandikwa jeshini siku moja. Barua ilisema Thuranira amefia Bama. Mama alikuwa amesomewa mara tatu na bado anamtazama Riungu usoni, kama kwamba yeye ndiye atakayeamua. Riungu akaona huruma, na aibu pia, maana vita vyote yeye alivimalizia kisiwani Seloni akilinda ghala la unga. Akamwambia mama kwamba serikali imekosea: aliyevushwa kwenda Bama kupigana na Mjapani ni yeye Riungu, na Thuranira ndiye aliyebaki Seloni, mahali pa amani, asikosikia hata risasi. Mama akaitia barua motoni, akamkorogea uji.

Sasa mtu aliyepigana Bama lazima aisimulie. Riungu alikuwa na akiba: maneno ya majeruhi waliorudishwa Seloni. Akasimulia kwenye foleni ya kupima kahawa, akasimulia kanisani siku za mavuno. Mto mpana, nyumbu wanazama na mizigo, ruba wanaingia mpaka ndani ya soksi. Msikilizaji wake mkubwa alikuwa Cicily, dada yake Thuranira. Huyo hakuchoka. Mama yao alikufa bila kuutia komeo mlango wake hata usiku mmoja, na Cicily akaendelea kulilima shamba la kaka yake. Kichwani mwake alikuwa amekwisha kumwoza mwanamke wa Seloni na kumpa watoto wanne, wawili wa kike.

Kusimulia nako kuna madhara. Miaka ilivyozidi, Riungu alianza kuuota ule mto. Halafu akawa anauona mchana, akipalilia. Alisikia harufu ya matope yake. Mtu anakumbukaje harufu ya matope ambayo hajayakanyaga? Alitazama kovu la mguu wake wa kushoto, ambalo kwa watu aliliita la Bama, akajaribu kukumbuka alilipataje, akakuta pana ukungu mtupu. Huenda kweli alivuka. Huenda huruma ile aliyomfanyia mama ilikuwa ukweli mtupu na yeye akaidhania uongo. Hakuthubutu kumwuliza mkewe, ambaye angemcheka mpaka Krismasi.

Mwaka wa tatu wa Uhuru, demakesheni ikafika kwao. Kila shamba lipimwe, lipewe namba na mwenyewe. La Thuranira likazua maneno: kama yu hai liandikwe jina lake lisubiri, kama amekufa Cicily aandikwe. Cicily akaja kwa Riungu, hana wasiwasi hata kidogo, akamwomba aje Alhamisi aape mbele ya kamati kwamba alimwacha kaka yake mzima. Kwa Wameru kiapo cha ardhi si mchezo. Kinaweza kumaliza nyumba nzima. Na Riungu hakuwa tayari kuapa kitu asichokijua, hata kama kitu chenyewe ni maisha yake.

Akaenda Karurumo, Embu, kumtafuta Njagi, aliyekuwa mpishi wa kampuni yao jeshini. Alimkuta akianika maharagwe. Walisalimiana kwa Kiswahili cha Keya, na Riungu, akiona aibu kama mtoto aliyejikojolea, akauliza kati yake na Thuranira ni nani aliyevuka.

Njagi hakucheka.

"Wewe ulibaki," akasema. "Jina yako ndiyo ilisomwa. Lakini ulikuwa na kidonda ya mguu, inanuka. Thuranira akaambia afande, huyu hawezi tembea, mimi naenda mahali yake. Mimi nilibaki kupikia nyinyi. Kila siku nilikupakulia, na ulikula sahani mbili."

Riungu alirudi akiwa ameamini jinsi mtu anavyomwamini daktari, kwa kukosa la kufanya. Ule mto ulikuwa bado machoni pake. Ila sasa alijua si wake.

Alhamisi kamati ilikaa palepale shambani, mnyororo wa kupimia umelazwa kwenye nyasi. Riungu akasimama, akavua kofia. Alisema hakuvuka. Alisema jina lililosomwa lilikuwa lake, na Thuranira alikwenda mahali pake, na barua ile haikukosea. Mwenyekiti akauliza mbona alidanganya miaka yote hiyo. Riungu akasema alimhurumia mama, na hata yeye aliona ni jibu dogo. Karani akaandika jina la Cicily.

Cicily alikuwa amekaa kwenye tuta. Hakulia. Alimtazama Riungu muda mrefu kama anayejaribu kukumbuka alimwona wapi, na watu wakaanza kutazama chini.

"Baba Kanana," akamwambia Riungu hatimaye, "kila uliposimulia Bama, mimi nilikuwa namshukuru Mungu kwamba Thuranira hakuwa huko."

Riungu akaificha mikono ndani ya kofia. Cicily akasogea kidogo, akampisha nafasi kwenye tuta.

"Keti. Nisimulie tena, tangu mtoni. Mara hii umtie yeye mahali pako."