Kiganja cha Chumvi

Asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida, siku moja kabla sijampeleka hospitali, mke wangu alikaa kwenye kigoda karibu na oveni akasema leo nipike mimi. Miaka arobaini na mmoja hakuwahi kuniachia kisu chake. Kuku wake alikuwa wa trei moja tu, maana kuosha vyombo hakupenda: viazi na karoti chini, vitunguu vya kuziba nafasi, kuku juu ili mafuta yake yashukie mboga. Saa hakuitazama. Mafuta yakianza kulia chwaa, alifuta mikono kwenye gauni na kuandaa sahani.

"Chumvi kiasi gani?" nikamuuliza.

"Kiganja," akasema, akaufungua mkono wake mdogo nione.

Nikajaza changu. Nimekuwa mwashi maisha yangu yote. Kisha nikawa nafungua oveni kila dakika.

"Mzee, muache kuku wa watu. Hatoroki huyo," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Tulipokula, nilitema tonge la kwanza. Yeye alikula pande lake lote, taratibu, akaliteremsha kwa glasi tatu za maji. Hakurudi kutoka hospitali. Sasa kila Jumapili napika mwenyewe, sahani moja, na nikishika kopo la chumvi nakumbuka alivyonishika kiganja pale mezani, akaweka chake juu ya changu, akavipima: "Ukipika tena weka nusu, mume wangu. Kiganja chako kimoja ni vyangu viwili."